Kabla ya kuongeza hadina: matatizo ya PU na mpira, na chanzo chake

Mteja akirudisha bushi ya PU kwa sababu imetoka laini, mafundi wengi hukimbilia jibu moja: tuongeze hadina, yaani dawa ya kugandisha. Jibu hilo limerithiwa kutoka kwenye mpira wa kawaida, na huko lina ukweli wake. Ongeza salfa, mpira unakaza. PU, yaani poliyurethani, haifuati sheria hiyo, na kazi nyingi zinazoharibika hapa Dodoma, ziwe bushi za malori ya barabara ya Singida au rola za mashine za mpunga wa Bahi, zinaharibiwa na dawa ziliyopewa baada ya kuugua.

Tofauti yenyewe ni hii. Mpira mbichi ni minyororo mirefu isiyoshikana, na salfa huifunga mmoja kwa mwingine. Mafundo yakizidi, ugumu unapanda na kuvutika kunapungua. PU inaanza na vipande vifupi, pripolima, vyenye mikono ya isosayaneti kwenye ncha. Hadina huvishika vipande hivyo na kuviunganisha viwe mnyororo. Kila mkono wa isosayaneti unataka mkono mmoja wa hadina. Hadina ikizidi, mikono yake inakosa wa kushikana naye, mnyororo unaishia njiani, na bushi inazidi kulegea badala ya kukaza.

Hesabu ije kabla ya dalili

Kwenye kopo la pripolima kumeandikwa asilimia ya NCO, yaani ile mikono ya isosayaneti. Pripolima ya bushi ngumu mara nyingi huwa karibu 4.1, na ikiunganishwa na hadina iitwayo MOCA hutoa ugumu wa karibu 90 kwa kipimo cha Shore A. Chukua hiyo NCO, zidisha kwa 133.5, ambao ni uzito wa hesabu wa MOCA, zidisha tena kwa 0.95, gawanya kwa 42. Kwa 4.1 unapata gramu 12.4 za MOCA kwa kila gramu 100 za pripolima. Soma kila kopo upya. Likija lenye 4.3 unahitaji gramu 13, na anayepima kwa kukariri namba ya mwezi uliopita ameshakosea kabla hajawasha oveni.

Ile 0.95 ndiyo usukani wenyewe. Ina maana unaweka asilimia 95 ya hadina ambayo ingetosha kushika mikono yote. Ukishuka hadi 85 au 90, bushi inarudi vizuri ikibanwa na haipati joto sana ikifanya kazi, ila inachanika kirahisi. Ukipanda hadi 100 au 105, inavumilia kuchanika na kukunjwa mara nyingi, lakini ikikaliwa na mzigo inabaki imebonyea. Kiwango cha 95 ni mapatano ya pande zote mbili. Katika safari hiyo nzima, ugumu unabadilika pointi chache tu. Kwa hiyo kipima ugumu kikisema 90, hakijakuhakikishia kwamba hadina ilikuwa sahihi. Anayetaka bushi ngumu zaidi anunue pripolima yenye NCO kubwa zaidi. Hadina haiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Dalili: PU inanata, au haijaganda kabisa

Angalia kwanza inanata wapi. Mabaka hapa na pale, hasa upande uliomiminwa mwisho, ni dalili ya kuchanganya vibaya: kilichong'ang'ania kuta na kitako cha chombo hakikupata hadina. Dawa ni kuchanganya, kukwangua kuta, kuhamishia chombo cha pili kisafi na kuchanganya tena. Usikamue chombo hadi tone la mwisho.

Ikiwa inanata yote kwa usawa, mchawi ni kipimo. Kwa gramu 500 za pripolima yetu unahitaji gramu 62 za MOCA. Mizani ikikosea gramu 5, umeshuka hadi asilimia 87 au umepanda hadi 103, na hujui umeelekea upande gani. Mizani ya dukani inayoruka gramu tano tano haifai kwa kazi hii, hata kama inapima sukari vizuri. Kuikagua hakuna gharama kubwa: nunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa, weka kikombe juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha mimina maji sirinji tatu zilizojaa. Lazima isome 60. Rudia kikombe kikiwa na kilo moja ndani yake, kwa sababu mizani nyingi hudanganya zikishabeba uzito.

Wapo wanaopima kwa vikombe, kimoja cha hiki na nusu ya kile. Kama maelekezo yametoa uwiano kwa uzito, vikombe haviwezi kuutoa.

Chanzo cha tatu hakionekani mpaka uulize: hadina imebadilishwa. MOCA ni ya chembe na lazima iyeyushwe, karibu nyuzi 110, hivyo wengine huhamia hadina ya kimiminika kama DMTDA. Uzito wake wa hesabu ni 107, si 133.5. Pripolima ya 4.1 inataka gramu 9.9 tu za DMTDA. Ukiweka zile 12.4 ulizozoea, umezidisha kwa robo nzima, na bushi itatoka dhaifu hata ukiipika juma zima.

Baridi inakuja mwisho kwenye orodha, isipokuwa Juni na Julai. Usiku wa miezi hiyo Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 13, na pripolima iliyolala stoo huamka nzito au imeganda kama mafuta ya nazi. Ukiimimina moldi ya chuma ambayo haikupashwa, MOCA iliyoyeyuka hurudi kuwa chembe kabla haijafanya kazi, nawe utaona mistari myeupe ndani ya bushi. Pasha pripolima hadi nyuzi 80 au zaidi, pasha moldi hadi nyuzi 100, na baada ya kuganda iache oveni nyuzi 100 kwa saa 16. Kuitoa kwenye moldi si kumaliza kuiva.

Kitu kilichonata kikishakaa siku mbili kwenye joto bila mabadiliko, kitupe. Kupaka hadina juu yake hakusaidii.

Dalili: mapovu

Hapa kuna mapovu ya aina mbili, na kila moja lina daktari wake.

Mapovu machache makubwa, ya mviringo, yaliyokusanyika juu au kwenye kona, ni hewa uliyoiingiza mwenyewe kwa kuchanganya kwa fujo au kumimina kutoka juu. Mimina kwa uzi mwembamba kutoka sehemu moja, na tumia pampu ya kunyonya hewa kabla ya kuweka hadina. Kuhusu pampu hiyo, wengi hapa wanairudisha dukani bila kosa lake. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa karibu baa 0.88 tu. Geji ya vakyumu haiwezi kufika −1. Ikisimama karibu −0.88, au inchi 26 za zebaki, pampu ni nzima na imefika ukomo wake. Ya Dar es Salaam isingekubali kusimama hapo, ila hii si ya Dar es Salaam.

Mapovu madogo mengi yaliyotapakaa kote, tena yanayokua kitu kikiwa kinaganda, ni maji. Maji hula isosayaneti na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi. Gramu moja ya maji, matone ishirini hivi, hutoa zaidi ya lita moja ya hewa hiyo. Na madhara hayaishii kwenye mapovu. Gramu hiyohiyo ikiingia kwenye kilo ya pripolima ya 4.1 na kukaa nayo, hula zaidi ya asilimia 11 ya mikono yake yote. Sasa ukipima hadina kwa namba iliyoandikwa kwenye kopo, uliyodhani ni 95 imekuwa kama 107. Fundi anaona mapovu na ulegevu kwa pamoja, anaongeza hadina, na anazama zaidi.

Maji yanaingilia wapi? Kopo lililofunguliwa likafunikwa na nailoni ndilo chanzo cha kwanza, hasa kuanzia Desemba mvua zikianza. Kiangazi cha hapa ni kikavu na kinawadekeza watu. Kisha rangi na vumbi la kujazia ambavyo havikukaushwa. Kisha moldi ya mbao, au moldi iliyooshwa asubuhi na kumiminiwa mchana. Kisha vijiti vya kuchanganyia: mti una unyevu, tumia chuma au plastiki.

Jaribio la kutofautisha ni rahisi. Mimina gramu 50 kutoka kopo jipya, na gramu 50 kutoka kopo la zamani, kwa hadina ileile na moldi ileile iliyopashwa. Mapovu yakitoka kwa la zamani tu, usilitafutie hesabu mpya. Liache.

Dalili: ugumu ni sawa kabisa, lakini inapasuka au inamegeka

Hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu kipima ugumu kinampa fundi haki na mteja anamnyima.

Sababu ya mara kwa mara ni hadina pungufu. Bushi hukaza, hung'aa, na ukiibana inarudi vizuri. Ukiikata kwa kisu kidogo pembeni na kuivuta, ufa unakimbia wenyewe. Ikitolewa moldi mapema inaweza hata kumegeka mkononi kama ugali uliolala. Isosayaneti iliyobaki bila mwenzake huendelea kunyonya unyevu wa hewani kwa majuma, kwa hiyo kitu kinazidi kukaza stoo. Kama uliandika tarehe na ugumu wa siku ya kwanza kwa kalamu nyuma ya bushi, pima tena baada ya majuma matatu. Ugumu uliopanda bila kuguswa unaonyesha upungufu. Kama hukuandika, anza kuandika.

Kwa bushi za kukunjwa na rola zinazopigwa na punje, panda hadi 100 kwa makusudi. Kwenye rola ya mpunga sioni sababu ya kung'ang'ania 95: kinachoiua ni kuchanika, wala si kubonyea.

Sababu ya pili ni kuitoa mapema na kuipeleka kazini siku hiyohiyo. Mteja ana haraka, lori liko Kibaigwa limebeba mahindi, fundi anampa. Hadina ilikuwa sawa, muda haukuwepo. Sababu ya tatu ni kona kali kwenye moldi; ufa ukianzia kwenye kona ileile kwa kila bushi, fundi wa kulaumiwa ni aliyechonga moldi.

Na rangi ya njano inayotokea juani je? Hiyo ni tabia ya PU nyingi za aina hii. Haihusiani na kipimo.

Dalili: imelala, haijirudi baada ya kubanwa

Kwenye PU, shuku hadina iliyozidi, kisha kuiva pungufu. Kwenye mpira ni kinyume: shuku salfa pungufu au muda mfupi wa kupika, maana mafundo machache hayana nguvu ya kuirudisha minyororo mahali pake. Jaribu hivi: bana kipande kwenye jiriwa hadi robo tatu ya unene wake, kiweke oveni nyuzi 70 usiku kucha, kiachie asubuhi kwa nusu saa, kipime. Fanya na kipande kizuri cha zamani kando yake, la sivyo namba uliyopata haina cha kulinganishwa nacho.

Dalili: mpira umetoka laini, au katikati una vitundu

Kata. Usibishane na mpira kabla hujaukata. Kama nje ni mzuri na katikati kuna vitundu kama sifongo, joto halikufika ndani, na kuongeza salfa kutaharibu nje bila kuponya ndani. Mpira hupitisha joto polepole sana. Kitu kinene kipikwe kwa joto la chini na muda mrefu zaidi. Kanuni ya mkono ni kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza muda mara mbili: dakika 15 za nyuzi 150 ni nusu saa ya nyuzi 140. Anayepika viraka kwenye maji yanayochemka akumbuke kuwa hapa maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo muda ulioandikwa na mtu wa pwani unahitaji kuongezwa karibu theluthi.

Ukiwa laini kote, fuata mchanganyiko. Wa kawaida kwa mpira wa asili ni, kwa kila sehemu 100 za mpira, zinki oksaidi 5, asidi ya stiariki 2, salfa 2.5 na kichocheo, kinachoharakisha kazi ya salfa, cha aina ya CBS 0.6. Kagua kichocheo kwanza. Ni kiasi kidogo, na kosa la gramu chache ni kosa kubwa. Bila zinki oksaidi nacho kinalala. Kisha uliza salfa imenunuliwa wapi. Dodoma salfa inapatikana kila kona kwa sababu ya zabibu: wakulima wa Hombolo hupiga ile ya kuyeyushwa na maji dhidi ya ubwiriunga. Ile mara nyingi ni asilimia 80 ya salfa, iliyobaki ni vitu vya kuisaidia kuchanganyika na maji. Ukipima 2.5 umeweka 2, pamoja na uchafu ambao mpira haukuuomba. Nunua salfa ya viwandani, iliyosagwa laini na kuchekechwa.

Kuna ulaini mwingine unaokuja kwa kupika kupita kiasi. Mpira wa asili wenye salfa nyingi ukiachwa motoni, mafundo huanza kuachia, na kitu kilichokuwa kimeshaiva kinarudi nyuma na kunata. Pika vipande vitatu kwa dakika 10, 20 na 40. Wa 40 ukiwa laini kuliko wa 20, punguza muda, au punguza salfa na ongeza kichocheo. Mafundo mafupi huvumilia joto zaidi.

Dalili: mpira mgumu unaopasuka, au wenye unga juu

Salfa imezidi. Kwenye sehemu 100 za mpira, ukitoka 2.5 kwenda 4 ugumu unapanda, lakini uwezo wa kuvumilia kuchanika ulishapita kilele chake na unashuka. Ukiendelea hadi 30 na zaidi huna mpira tena, una eboniti, ile nyeusi ngumu iliyowahi kutengenezewa maboksi ya betri. Charles Goodyear alipogundua upishi huu 1839, kazi iliyobaki kwa wote waliomfuata ilikuwa ni kujua wasimame wapi.

Unga wa kijivu au manjano unaotokea juu baada ya siku kadhaa ni salfa isiyopata kazi, imepanda juu. Kwanza hakikisha si vumbi letu la kawaida: futa, kisha pasha uso kwa hewa ya moto. Vumbi linabaki. Salfa inayeyukia ndani na kurudi tena kesho yake. Kwenye kitu kilichoiva ni aibu tu mbele ya mteja. Kwenye mpira mbichi wa viraka ni balaa, kwa sababu kiraka chenye unga hakishiki. Kifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto, kiache kikauke, ndipo upake gundi.

Mpira mbichi ukiganda stoo kabla hujautumia, kichocheo kimezidi au stoo ina joto. Chini ya bati mwezi Oktoba na Novemba, hilo la pili linatosha. Weka salfa na kichocheo mwishoni kabisa, siku ya kazi.

Mahali pa kusimama na kuita wengine

Bushi za usukani, breki, na chochote kinachoning'iniza mzigo juu ya watu, usikisie hadina. Peleka sampuli ipimwe mvuto na kuchanika, au nunua kilichotengenezwa kiwandani. Chombo cha kupikia kwa mvuke wenye mgandamizo hakiwashwi mpaka kikaguliwe na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hata kama kimechomelewa na fundi hodari.

MOCA husababisha saratani, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza. Inapita kwenye ngozi, kwa hiyo chembe zake zisizo na harufu kali zisikudanganye: glavu kila mara, kiyeyushio kiwe chini ya feni inayovuta nje, na usikipandishe zaidi ya nyuzi 140. Usiyeyushe jikoni, wala usitumie sufuria itakayorudi jikoni. Anayeuza au kutumia kemikali hizi aulizie usajili kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003.

Mvuke wa isosayaneti huleta pumu. Mtu akianza kukohoa, kifua kubana au kupiga mluzi usiku baada ya siku ya kumimina, aache kazi hiyo na aonwe na daktari, na amwambie daktari jina la kemikali. Asirudi kwa kuvaa barakoa ya kitambaa. Aliyeshapata pumu hii anaweza kubanwa tena na kiasi kidogo mno.

Na kopo la pripolima lililovimba kitako au kifuniko lina maji na hewa inayotafuta pa kutokea. Usilifungue, usiligonge, usilibebe mikononi. Ondoa watu, zuia jua lisilipige ikiwa unaweza bila kulisogelea, piga 114 kwa Zimamoto, na waambie ni isosayaneti kabla hawajafika na maji. Mabaki ya vikombe na kopo tupu yasifungwe kabisa kwa siku mbili tatu. Yaache nje, mbali na watoto, yamalize kutoa hewa yake.